Migongo ya Picha

Seneta Eladio Berruti alipozikwa Paysandú
mvua ilinyesha kwa vituo, kama mtu anayekohoa,
na bendi ya zimamoto ikapiga wimbo mmoja mara mbili
kwa sababu karatasi za wimbo wa pili zilisahauliwa.
Nilisimama nyuma kabisa, mikono mfukoni,
gundi ingali kwenye kucha.

Miaka ishirini na sita nilimtengenezea fremu.
Alikuja Ijumaa, kwa basi la jioni kutoka Montevideo,
picha kwapani, imefungwa kwa gazeti la siku hiyo,
na mara nyingi gazeti lilikuwa na sura yake,
wamemchora na pua ya nguruwe.
"Usilitupe," aliniambia. "Huyu naye ana mkono."

Hakuwa tajiri. Hilo watu hawaamini.
Alikuwa na suti mbili, moja ya misiba.
Picha alizilipia kidogo kidogo, kama watu walipiavyo jokofu:
kwa kinyozi wa Salto aliyechora farasi
waliozama nyasini, maana miguu ilimshinda;
kwa mjane aliyechora dirisha lile lile kila Agosti;
kwa mabinti wa machungwa na visu vya jikoni.
Mia mbili na kumi na mbili.
Moja ilikaa nyuma ya mlango wa bafu,
ukiingia kwa pupa inakupiga bega.
"Nimeolewa na kuta," alisema Bi Zulma.

Jukwaani alikuwa mtu mwingine.
Ahadi ni deni, nasi tulikuwa wadai wengi:
daraja alilotuahidi lilifika jiwe la msingi,
jiwe lipo, kondoo hujikuna hapo.
Na mwaka ule wa kiwanda cha nyama,
bunge lilipopiga kura kukifunga,
kaka yangu Delmiro alirudi na kisu chake cha kazi
kimeviringishwa taulo, kama mtoto.
Akakiweka kabatini kwangu. Akapanda ndege kwenda Vigo.
Mimi niliendelea na fremu.
Mkono mtupu haulambwi.

Mwezi haujaisha tangu maziko, watoto wakaita watu wa mnada.
Nikaitwa nikague vioo na unyevu.
Nikageuza ya kwanza, nikang'oa misumari, nikatoa ubao.
Penseli. Mwandiko wa mtu aandikaye gotini, ndani ya basi:
*Peso elfu nne, zimebaki mbili.
Leo kura: ndiyo. Nilitaka hapana.*

Ya pili. Ya tatu. Nikawasha taa.
Nyuma ya machungwa: *Kodi ya mkate. Ndiyo. Chama kimesema.*
Nyuma ya farasi: *Hapana, na nimelala vizuri.*
Nyuma ya dirisha: *Wamenipa wizara, nimenyamaza.
Elfu tisa. Ghali, lakini leo nastahili kulipa.*
Usiku kucha nililisoma bunge kwa mgongo.

Kiwanda nilikiacha mwisho.
Kilichorwa na Maruja Echenique, binti wa mchinjaji,
aliyeapa kutomuuzia seneta hata kivuli;
akamtuma dereva wa basi, akanunua kwa jina la dereva.
Bomba la moshi lisilo na moshi.
Getini wanaume kumi na tisa, nyuso hazionekani.
Siku ya kuifunga fremu niliwahesabu, nikimtafuta Delmiro.
Ubaoni:
*Bei kamili, bila kubembeleza.
Kura: sikuwapo. Nilijifungia msalani
hadi kengele ilipolia. Mfereji unavuja, nimewaambia.*

Nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka hadi mbwa akaamka.
Kisha nikakaa chini, kwenye vumbi la mbao.

Asubuhi akaja mtu wa mnada, tai ya kijani.
"Kuna chochote huko nyuma?"
"Unyevu," nikamjibu. "Na wadudu kidogo."
Nilirudisha mbao zote, misumari ile ile, matundu yale yale,
nikamtoza kioo kimoja na saa tisa za kazi.
Ile ya kiwanda nilisema imeoza.

Iko kabatini, kando ya kisu.
Delmiro huniomba nimtumie picha za nyumbani.
Bado sijaamua nimpigie upande upi.